Mbuzi ya Shangazi

Walimwita Sarufi, na jina lake la kwenye cheti likasahaulika. Hakuna aliyewahi kusema neno bovu mbele yake likapita salama. Askari wa getini akisema "gari yangu", Sarufi alijibu "langu" bila kuinua macho. Mpishi akiomba "vijiko yote", alisimama mlangoni mpaka vikawa "vyote". Wenzake walinyamaza akipita, na si kwa heshima tu.

Nyumba waliyofanyia kazi ilikuwa katika mtaa wa wenye nacho, ambako kila ukuta una maua juu na kamera juu ya maua. Chini palikuwa na ukumbi wa maonyesho, na juu ya paa baa yenye jukwaa la muziki. Wageni wengi shida yao ilikuwa huko juu, lakini walipita chini kwanza, wakasimama mbele ya picha mbili tatu na kutikisa vichwa, ili kesho wakiulizwa waseme walikwenda kutazama sanaa.

Mwenye nyumba aliitwa Madamu na kila mtu, hata na mumewe. Jioni hiyo alikuwa anafungua onyesho la vyombo vya jikoni vya zamani: vinu, vyungu, nyungo, miko iliyoungua ncha. Katikati ya ukumbi aliweka jukwaa dogo jeupe, na juu yake ilitakiwa ikae mbuzi ya kukunia nazi ya shangazi yake Sarufi. Madamu aliiona kwenye picha ya simu akaipenda papo hapo: mbao nyeusi kwa kukaliwa, chuma chenye meno kimejitokeza mbele kama ulimi.

"Majaribio yako yanaisha leo," Madamu alimwambia Sarufi asubuhi. "Onyesho likienda vizuri, nakupa kazi ya kudumu. Likiniaibisha mbele ya Mheshimiwa, mgeni wetu rasmi, tutaagana kwa amani."

"Halitakuaibisha, Madamu."

"Na hotuba yake?"

"Nimeshaiandika, nimeipeleka."

Sarufi aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Kila siku alikaa mezani akitunga maelezo ya picha, akichagua neno kama mtu anayechagua embe sokoni, kwa kuminya. Hakujua mahali pengine ambapo mtu angemlipa kwa ubishi wake.

Akampigia simu binamu yake, dereva wa gari la mizigo, ambaye walimwita Gia kwa kuwa hakujua kuendesha taratibu.

"Gia, kaichukue mbuzi ya shangazi, uilete huku kabla ya saa kumi na mbili. Iko uani, karibu na kuni."

"Shangazi mwenyewe je?"

"Amekwenda kupimwa macho. Nimeshamwomba tangu juzi. Ifunge vizuri isije ikaanguka njiani."

"Umesema mbuzi ya shangazi?"

"Ndiyo, mbuzi ya shangazi. Una masikio au mapambo?"

Upande wa pili Gia alicheka sana, cheko la furaha, kisha akakata simu. Sarufi hakujiuliza anacheka nini.

Saa kumi na mbili kasoro, magari ya wageni yakianza kujipanga nje, Gia aliingia kwa mlango wa nyuma akiburuta kamba. Mwisho wa kamba palikuwa na mbuzi jike mweupe mwenye ndevu, aliyemtazama Sarufi kama karani anayetazama mtu aliyekuja dirisha lisilo lake.

"Huyu nani?" Sarufi aliuliza, ingawa alimfahamu tangu utoto wake.

"Mbuzi. Nimemfunga kama ulivyosema, lakini kaniramba shingo njia nzima."

"Gia! Nilikwambia mbuzi ya shangazi. Ya! Ya kukunia nazi! Ningemtaka huyu ningesema mbuzi wa!"

"Sasa mimi ningejuaje? Sisi wote tunasema 'mbuzi ya'. Nikasema leo dada kashuka, ameamua kuongea kama watu. Nilifurahi, wallahi. Nikawaambia hadi wenzangu wa kijiweni."

Sarufi alifungua mdomo kumsahihisha, akakuta hakuna cha kusahihisha. Kurudi kwa shangazi kwa foleni ile ilikuwa safari ya kufika wageni wakiwa wameshalala makwao. Simu yake ikalia.

"We mtoto," ilikuwa sauti ya shangazi, "mbuzi wangu yuko wapi?"

"Yuko huku, shangazi. Kwenye maonyesho."

"Maonyesho ya kilimo?"

"Ya… ya utamaduni."

"Basi mpeni maji. Na kama kuna zawadi, ni yangu."

Walimfungia mbuzi kwenye stoo, katikati ya viti vibovu. Sarufi akachukua mto wa kochi, akauweka juu ya jukwaa jeupe na kuufunika kwa kitambaa. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: Mheshimiwa asome, watu wapige makofi, bendi ianze juu, na baada ya hapo nani atakumbuka kufunua kitambaa? Akamkimbilia Mheshimiwa mlangoni.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Naomba ile hotuba nirekebishe sentensi moja tu."

"Marahaba, binti. Usiiguse." Alijipapasa mfuko wa koti. "Mke wangu amenisikiliza nikiisoma mara mbili na hakusinzia."

Mheshimiwa alisimama kwenye kipaza sauti, jukwaa jeupe likiwa nyuma yake. Madamu alikaa mstari wa mbele, glasi mkononi, tabasamu limenyooka kama pazia jipya. Sarufi alijibanza ukutani. Na ndipo alipoona mlango wa stoo umefunguka kidogo, na Gia amesimama kando yake ameshika kamba isiyo na mtu.

Mbuzi alipita kati ya vyungu bila kugusa hata kimoja. Alipofika kwenye jukwaa jeupe alilipima kwa macho, akaruka, akatua juu ya mto miguu yote minne, kimya kabisa.

"Mabibi na mabwana," Mheshimiwa alisoma, "hii iliyo nyuma yangu ndiyo mbuzi waliyoipenda bibi zetu."

Mtu mmoja alikohoa. Madamu aliona, na tabasamu likamshuka upande mmoja. Akamtafuta Sarufi kwa macho, akapitisha kidole shingoni kwake, polepole.

"Mbuzi hii haipigi kelele. Haidai chakula. Ukiiweka pembeni, inakaa pembeni."

Mbuzi alinyoosha shingo akang'oa ua moja kwenye chombo cha maua, akaanza kutafuna. Kicheko cha kwanza kilitoka nyuma. Mheshimiwa alinyanyua macho. Katika miaka yake yote ya hotuba hakuna mtu aliyewahi kucheka mahali popote. Kifua kikamjaa, akapandisha sauti.

"Kila jioni bibi aliikalia mgongoni, akaibana kwa mapaja, akaanza kazi!"

Ukumbi ulitikisika. Sarufi alitamani ardhi, ukuta, chochote kimmeze. Kila neno lilikuwa lake. Angeweza kupiga kelele asimamishe, lakini kila alipovuta pumzi, sentensi iliyofuata ilikuwa imeshatoka.

"Na tazameni meno yake! Yakiwa butu, fundi huyanoa kwa tupa!"

Mbuzi akamgeukia.

"Mwache," Gia, aliyekwisha kusogea hadi ukutani, alimnong'oneza Sarufi. "Anasikiliza."

"Na kazi ikiisha," Mheshimiwa sasa aliachia karatasi, akaonyesha kwa mikono, "bibi aliikung'uta… akaikunja… akaitundika kwenye msumari!"

Mama mmoja alimwaga kinywaji mapajani kwake na hakujali. Mpiga gitaa aliyeshuka kuona kuna nini aliketi kwenye ngazi akifuta machozi. Mheshimiwa aliinama kushukuru, na alipoinama, mbuzi alifika kwenye kipaza sauti akatoa sauti yake moja ndefu.

Mheshimiwa aligeuka. Pua zao ziliachana kwa upana wa kiganja.

"Na huyu ni nani?" aliuliza, na ukumbi mzima ukanyamaza kusubiri.

Kunyamaza Sarufi alikuwa hajui. "Ni mbuzi wa shangazi, Mheshimiwa," alisema kutoka ukutani. "Mbuzi ya shangazi imebaki nyumbani."

Mheshimiwa alimtazama binti, akamtazama mbuzi, midomo yake ikirudia polepole "wa… ya…" Kisha tumbo lake likaanza kucheka kabla ya uso.

"Hotuba ameandika nani?"

"Mimi."

"Nina waandishi ofisini, na kila nikisimama watu wanatazama simu zao. Leo hakuna aliyegusa simu. Wewe kesho uje kwangu, nina kazi."

Madamu alikuwa ameshasimama, sentensi ya kumfukuza Sarufi iko tayari mdomoni. Ilimbidi aimeze. Kumfukuza mtu ni jambo moja. Kunyang'anywa mtu mbele ya wageni wako ni jambo jingine kabisa.

"Samahani, Mheshimiwa," alisema, akimshika Sarufi kiwiko kwa nguvu, "huyu ni mfanyakazi wangu wa kudumu."

Sarufi aliona mwanya. "Tangu lini, Madamu?"

"Usinibane."

"Nauliza tu ili Mheshimiwa asichanganyikiwe."

Watu walikuwa wanasikiliza. Madamu alivuta pumzi kwa pua. "Tangu sasa hivi."

"Asante, Madamu. Mheshimiwa ni shahidi."

"Ni shahidi," Mheshimiwa alisema kwa masikitiko, na wageni wakaanza kupanda ngazi kuelekea kwenye muziki, wakiigizana kukunja na kutundika.

Madamu alibaki chini. Alizunguka jukwaa jeupe, akatazama mto wake wa kochi, akatazama vidonge vyeusi vilivyotawanyika juu yake na sakafuni mpaka karibu na vinu. Alikwenda stoo mwenyewe, akarudi na fagio, akalitia mkononi mwa Sarufi.

"Mfanyakazi wa kudumu," alisema, "karibu kazini."