Chumvi ya Vidole

Kila Jumapili kabla ya ibada, Orrin Haugen alivaa glavu zake nyeupe za pamba, akatandika taulo safi juu ya meza ya chakula, akaanza kuzitoa bastola kabatini moja moja. Upande wa pili wa jikoni mkewe, Verla, aligeuza chapati za maji kwenye kikaango. Harufu ya siagi na harufu ya mafuta ya bunduki zilikuwa zimekaa pamoja katika nyumba ile miaka mingi bila kugombana. Nje, theluji ya Montana ilikuwa imefika usawa wa dirisha la zizi.

Zilikuwa bastola nzuri. Hata Verla, asiyezipenda, hakuweza kusema vinginevyo. Zote zilikuwa za silinda ya kuzunguka, za zamani. Chuma cha baadhi kilikuwa na ile rangi isiyo nyeusi wala buluu, kama shingo ya kunguru juani. Nyingine zilikuwa za nikeli, ukiinama kuzitazama unajiona una pua kubwa. Zilizopendeza kuliko zote zilikuwa jozi moja, pacha kabisa, zilizochongwa kwa ajili ya tajiri fulani wa ng'ombe aliyekwisha kusahauliwa: nakshi za majani kuanzia nyundo hadi mdomoni, mipini ya pembe iliyogeuka rangi ya samli, na namba zinazofuatana. Orrin hakuwahi kuzipiga risasi. "Ni sawa na kudekia zizi kwa gauni la harusi," alipenda kusema.

Adui wa Orrin alikuwa kidole. Chumvi ya kidole hula rangi ya chuma polepole, na siku utakapoiona kutu, umechelewa. Ndiyo maana ya glavu, na ndiyo maana ya kufuta: kutoka kwenye mpini kwenda mdomoni, upande mmoja tu, bila kurudi nyuma, kisha unageuza kitambaa upande mkavu na kumalizia mdomo kwa mzunguko mmoja. Mwanawe wa pekee, Tobin, Orrin alimfundisha kazi hiyo kabla hajamfundisha kuendesha trekta.

Tobin alijiua kwa bastola ya kushoto ya jozi ile, majira ya kukata majani ya ng'ombe, akiwa na miaka kumi na tisa. Hakuvunja kitu. Ufunguo wa kabati ulikuwa umetundikwa kwenye msumari pembeni, mahali ulipokaa tangu kabati lilipokuwa la babu yake Orrin.

Uchunguzi ulipokwisha, sherifu aliileta bastola ndani ya mfuko wa karatasi. Alivua kofia, akakataa kahawa, akaondoka. Orrin alivaa glavu, akaifuta. Verla alikuwa amesimama mlangoni. Alitaka kusema "ngoja," lakini neno lilipomfika mdomoni, kitambaa kilikwisha kugeuzwa upande mkavu. Mwanawe hakuwa ameacha barua. Alikuwa ameacha alama za vidole tu.

Jumapili iliyofuata, alama zilikuwapo tena.

"Umeishika hii?" Orrin aliuliza.

"Mimi? Nishike hilo dude lako?"

Orrin aliipeleka dirishani. Kwenye silinda palikuwa na alama ya dole gumba, na katikati yake mstari uliopinda, pale Tobin alipojikata na mfuniko wa kopo la pichi alipokuwa mdogo.

"Ni Tobin," akasema, akafungua chupa ya mafuta.

Alama zikawa zinarudi kila wiki. Majira ya kuchipua, Orrin alikwenda na jozi ile kwenye maonyesho ya bunduki kule Miles City, Verla akiwa amekaa nyuma ya meza na kikapu chake cha kufuma. Lyle Kessler, rafiki yao wa siku nyingi, alinyoosha kiganja wazi juu ya bastola na kungoja, maana huko hakuna anayegusa cha mwenzake bila ruhusa. Orrin alitikisa kichwa kukubali. Lyle akaigeuza kwenye mwanga.

"Marehemu?"

"Mwanangu."

"Pole. Sasa mzee, mafuta haya hayakufai. Chumvi ya marehemu ni kali. Paka nta."

"Nta ipi?"

"Ile ya makumbusho. Muulize huyu." Alimwonyesha kwa kidevu mwanamume mnene wa meza ya jirani.

"Mimi wangu ni shemeji yangu," yule mnene alisema. "Anakuja Krismasi kwa Krismasi. Aliniudhi mzima, ananiudhi maiti." Wakacheka wote watatu. Kwenye meza ya muuza nta kulikuwa na foleni.

Kanisani, Doreen wa posta alimwambia Verla kwamba marehemu wa kwake huacha alama kwenye bunduki ya kuwindia bata. "Mimi naona afadhali hivyo, mama," alisema, akipakua viazi. "Najua bado yupo mahali."

Verla alianza kuzitazama alama za Tobin kwa kioo cha kukuzia kabla Orrin hajavaa glavu. Ndipo alipogundua kwamba vidole vilikuwa vinakua. Alama zilipanuka. Ngozi ilipasuka kwa baridi, ikapona. Mwaka mmoja kidole cha shahada kilikuwa na kovu jipya la seng'enge. Mwaka mwingine mpini wa pembe ulikutwa na mkwaruzo mwembamba, na Verla akaelewa mara moja.

"Ameoa," akasema.

"Na pete hajui kuvua?" Orrin alinung'unika. "Ona alivyoiharibu pembe."

Verla alioka keki siku hiyo. Walikula, Orrin akaongeza kipande cha pili.

Baadaye zikaja alama za mtoto. Hazikuwa kwenye bastola, zilikuwa kwenye kioo cha kabati, chini kabisa, viganja viwili vidogo vinavyonata, na vilinukia jamu. Verla aliacha kusafisha kioo. Orrin alikisafisha yeye. Kila zilipoonekana tena, Verla alipima kimo chake kwa mkono, akaweka alama ya penseli kwenye fremu ya mlango, kando ya zile alizompimia Tobin zamani. Mtoto alikuwa anakua upesi kuliko baba yake.

Asubuhi moja alipima, akanyoosha mkono hadi kwenye msumari, akaona nafasi iliyobaki.

"Orrin. Ondoa ufunguo hapo."

"Unakuzuia nini?"

"Mtoto anakaribia."

"Mtoto gani, Verla? Hayupo."

"Tobin alikuwapo. Na ufunguo ulikuwa hapo hapo."

Orrin aliendelea kufuta. Hakuwa mtu mbaya. Alipokuwa akizitazama bastola zile uso wake ulikuwa laini kama wa mtu anayesikiliza muziki, na hakukuwa na kitu kingine duniani kilichomlainisha hivyo. "Vitu vyangu mwenyewe nivifungie kama mwizi?" akasema mwishowe. "Babu aliuacha hapo, baba aliuacha hapo."

"Basi iuze hiyo moja."

"Nivunje jozi?"

"Uza zote mbili."

"Nani atanunua jozi inayotoka alama kila Jumapili?"

Verla aliuficha ufunguo ndani ya kopo la unga. Lyle alikuja kuangalia jozi, Orrin akautafuta nyumba nzima, akaaibika mbele ya mgeni.

"Shemeji, usitutese," Lyle alisema akicheka. "Tumekuja kutazama tu."

Verla hakuutoa. Kesho yake Orrin alikwenda duka la vyuma mjini, akachongesha mwingine, akautundika. Verla akautupa huo mtoni. Orrin akachongesha wa tatu. Hawakugombana. Muuza duka aliacha kuuliza, akawa anamsalimu tu na kuwasha mashine.

Ikafika Jumapili moja, kioo kilikuwa safi, na alama ndogo ilikuwa juu ya ufunguo wenyewe, ya jamu, moja tu. Verla aliusugua na sketi yake. Akautia mfukoni, akakaa mbele ya kabati wiki nzima akifuma, akila hapo, akilala hapo kitini. Orrin alimletea blanketi. Hakuudhika. Alikuwa na ufunguo mwingine.

Jumapili iliyofuata Orrin alivaa glavu, akaitoa bastola ya kushoto, akaipeleka dirishani. Alikaa nayo muda mrefu.

"Njoo uone," akasema.

Haikuwa na alama hata moja, ya mkubwa wala ya mdogo. Ilikuwa na mafuta mapya ambayo Orrin hakuyapaka. Mistari myembamba ya kitambaa ilitoka kwenye mpini ikaenda mdomoni, upande mmoja tu, bila kurudi nyuma, na mdomo ulikuwa umemaliziwa kwa mzunguko mmoja wa upande mkavu.

Verla aliinama juu yake. "Tobin amemfuta mtoto wake," akasema. "Wamemletea bastola kwenye mfuko wa karatasi, naye akaifuta. Kama wewe."

Orrin aliinua bastola. Jua la theluji liliingia kwenye nakshi, jani baada ya jani, na chuma kikawa na rangi ambayo hakuwahi kuipata kwa mafuta wala kwa nta.

"Hakusahau," akasema taratibu. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Nilidhani hakuwa akinisikiliza."

Chapati zilikuwa zinaungua. Verla alizima jiko, akaenda kwenye fremu ya mlango na penseli yake, akasimama pale bila kuwa na kitu cha kupima.

Orrin alilaza bastola kwenye mahameli karibu na pacha wake, akafunga kabati, akautundika ufunguo msumarini.