Vipande Vinane vya Pamba

Mbu alikwisha kufunga mpira juu ya kiwiko cha mtoto, akawa anautafuta mshipa kwa ncha ya kidole. Jina hilo alipewa wodini kwa kazi yake ya kutoa damu, naye alilizoea. Watoto wakubwa wakimwona huitana, "Mbu kaja," naye huvuma kidogo wacheke kabla ya kulia.

Huyu hakucheka wala kulia. Alikuwa na miezi mitano na kilo nne tu.

Kabla ya kushika sindano Mbu alipiga hesabu yake ya kila siku. Karatasi ya ukutani ilisema mtoto wa kilo nne asitolewe zaidi ya mililita kumi na mbili kwa wiki. Fomu ilionyesha mara tano wiki hii, mililita mbili mbili. Kumi. Na mbili za leo. Haikuzidi hata tone.

"Hii ni ya tisa, kaka," mama mtoto alisema polepole.

Mbu akamjibu kuwa ni ya sita. Mama hakubishana. Alifungua fundo la kitambaa chake akamwaga kitandani vipande vya pamba, kila kimoja na doa lake lililokauka. Kusoma fomu hajui, alieleza, lakini alitaka kujua mwanawe ametolewa mara ngapi.

Vilikuwa vinane. Mbu alivihesabu tena, ndipo akakumbuka. Mara tatu maabara iliirudisha damu ikisema imeganda, naye akatoa nyingine. Ile iliyotupwa hakuiandika. Hakuna aliyewahi kuiandika.

"Imezidi?"

"Imezidi, mama. Na aliyetoa ni mimi."

Akaufungua mpira, akaenda kwa daktari na fomu mkononi. Daktari alinung'unika kwamba bila majibu dawa itakuwa ya kubahatisha. Kisha akaja kitandani, akamtazama mtoto, akatazama pamba.

"Kumbe tumekuwa tukimchota haba na haba," alisema.

Maabara walikubali matone machache ya kisiginoni, ila vichupa vidogo vya kuyawekea vilikuwa stoo, na mwenye ufunguo angerudi asubuhi. Mtoto angengoja. Kama angeweza kungoja, hakuna aliyesema.

Mbu aliongeza mistari mitatu kwenye fomu, akauacha wa nne wazi kwa ajili ya kesho. Mama alikuwa akifunga vipande vyake.

"Cha kesho nacho utanipa?"

"Nitakupa, mama."