Duka la Vitanda na Majeneza

Majeneza yalishushwa kwenye treni ya asubuhi, mwezi Mei, na yote yalikuwa mafupi, ya watoto. Sisi tuliosimama stesheni ya Kesslerville tulitazamana. Homa ya matumbo haikuwahi kutufikia kabla ya Julai.

"Meya wetu ana ratiba ya Mungu," alisema Wendell Pruitt, kinyozi. Wachache walicheka puani.

Ansel Dreyer alikuwa meya, na duka la samani na majeneza lilikuwa lake. Katika jimbo letu la Indiana, Marekani, siku zile, aliyekuuzia meza ndiye aliyekuzika. Mbao ni zile zile, na muuzaji ni yule yule. Wiki iliyofuata alileta hoja barazani: mji ujenge mtambo wa kuchuja maji ya mto kabla hayajaingia majumbani. Madiwani wawili waliunga mkono, wawili wakapinga. Wa tano nilikuwa mimi, Silas Strohm, fundi saa. Niliomba nifikirie hadi kikao kijacho.

Nilikwenda kunyolewa.

"Muuza majeneza hataki tufe," alisema Wendell, wembe ukiwa shingoni mwangu. "Umeshaona wapi paka akimchimbia panya shimo?"

"Labda ana huruma."

"Huruma yake imetengenezwa kwa chuma, bwana. Mabomba yatatoka kiwandani kwa shemeji yake. Kamuulize, kama nasema uongo."

Nilimuuliza. Nilimkuta mchana dukani akipaka mafuta kitanda cha mtoto mchanga, mikono ya shati imekunjwa. Hakushtuka.

"Ni kweli, shemeji ndiye atakayeuza," alisema. "Bei yake ndiyo ya chini. Mke wangu naye atanipa amani mezani."

"Na wewe unapata nini, Bwana Meya?"

Aliendelea kusugua mbao, polepole, kufuata nyuzi zake.

"Watu wananunua hiki kwangu," alisema. "Kisha Agosti wanarudi kununua kile kingine, kile cheupe. Baada ya hapo hawanunui tena. Wananisalimu vizuri tu barabarani, lakini hata kigoda hawanunui. Wanapanda treni wakatafute meza Fort Wayne. Jeneza moja dogo linanipotezea samani za nyumba nzima, Strohm. Fanya hesabu wewe mwenyewe."

Nilirudi nyumbani nikaketi mezani. Meza ile tuliinunua Fort Wayne. Tulimzika Jonas, mwanetu wa kwanza, akiwa na miaka miwili, na tangu siku hiyo mimi na mke wangu Hester hatukukanyaga duka la Dreyer. Hatukuwahi kuambizana kwa nini. Hata binti yetu Ada alipozaliwa, tulimlaza kwenye kitanda cha kuazima.

Kama Dreyer angelia machozi, nisingemwamini. Kwa kuwa alinitajia faida, nilimwamini; na hapo ndipo shaka ilipoanza kunitafuna upya. Alijuaje kwamba mimi ni mtu wa kuamini faida?

Jioni Hester aliniambia alichosikia kwa mke wa mchungaji. Mchungaji aliambiwa na Dreyer kwamba vilio vya akina mama vinamnyima usingizi. Diwani Abbott, mzee mwenye majivuno, aliambiwa kwamba mji wa ng'ambo ya mto utatucheka.

"Kila mtu amekatiwa sababu yake, kama suti," nilisema. "Ipi ni ya kweli?"

Hester alikuwa akimnywesha Ada maji. Alisubiri mtoto amalize, akafuta kidevu chake.

"Maji haya yametoka wapi, Silas?"

"Mtoni."

"Basi."

Kikaoni nilinyosha mkono kuunga mkono. Dreyer aliniinamishia kichwa kidogo tu, kama muuzaji aliyekwisha kujua mteja atanunua. Jambo hilo lilinikera, na hadi leo linanikera.

Mtambo ulijengwa. Shemeji yake naye alijenga nyumba ya matofali, ghorofa mbili, na Wendell hakuniacha ninyolewe hata mara moja bila kunikumbusha. Uchaguzi uliofuata watu walimwondoa Dreyer, wakasema alikula. Huenda alikula. Sikuona ushahidi, wala sikuacha kuutafuta. Kiangazi cha kwanza cha maji yale kilipita, sisi wazazi tukiwashika watoto vipaji vya nyuso kila asubuhi kutafuta homa. Kikapita cha pili.

Ada alipofika miaka sita, miguu yake ilianza kutokeza nje ya kitanda kile cha kuazima. Hester alivaa kofia, akasema twende. Sikumuuliza wapi.

Dreyer alituonyesha kitanda cha mti wa mwaloni, akataja bei. Nilikipindua juu chini sakafuni, nikapiga magoti, nikakagua kiungo kimoja kimoja kwa kucha. Yeye alisimama kando akisubiri, mikono nyuma. Vyote vilikuwa imara. Nikavikagua tena, ndipo nikalipa.