Kukataa Mara Tatu

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi, barafu ilikuwa bado imeganda kwenye kioo cha lori, na Skarma, dereva, alikuwa akiikwangua kwa kifuniko cha sufuria. Ilikuwa Oktoba 1989. Nilipanda nikiwa na kikombe cha mama kifuani, ndani ya joho langu la sufu.

Kilikuwa cha mbao, mdomo wake umezungushiwa fedha. Kwetu Ladakh, milimani kaskazini mwa India, kila mtu hutembea na kikombe chake, na mama alikuwa amekinywea hicho miaka hamsini. Jioni ile kaka yangu Jamyang, mtawa, angezibiwa mlango kwa mawe ili akae peke yake katika sala miaka mitatu. Daktari alikuwa amempa mama wiki chache.

"Mpe kikombe," mama alikuwa ameniambia usiku uliotangulia. "Sema nina kingine, kizuri zaidi. Ugonjwa usiutaje. Akijua atatoka, na ruhusa hii ameingoja miaka tisa."

Niliahidi. Nilikuwa mwalimu wa hesabu, sijazoea kudanganya. Njia nzima niliirudia sentensi ile moja.

Tulivuka kilele saa nne, katikati ya bendera za sala zilizochakazwa na upepo. Upande wa pili barabara mpya ilipita kulia kwa mnara mweupe wa sala. Skarma akakata usukani, akashuka kwenye changarawe za mto ili aupite kwa kushoto, kama dini yetu inavyotaka.

"Skarma, barabara ipo."

"Imechimbwa na watu wa tambarare, mwalimu. Hao kushoto na kulia kwao ni mamoja."

"Kila mnara unatupotezea dakika saba."

"Tukiupita vibaya tutapoteza na gurudumu."

Minara ilikuwa sita.

Mchana tulisimama kwa shangazi yake Skarma. Aliponyanyua birika la chai ya siagi nilifunika kikombe changu kwa kiganja.

"Hapana, mama, nimetosheka."

"Kidogo tu, mwanangu."

"Hapana, kweli."

"Shangazi, mmiminie tu," Skarma alisema. "Huyu ana adabu mpaka chai inapoa, na mlango wa watu unafungwa jioni."

"Nyamaza, wewe uliyepokea kabla sijanyanyua birika!"

Nilikataa mara ya tatu, nikanywa ya nne. Kwetu wanaopokea mara ya kwanza ni watoto wadogo na watu wenye shida kubwa. Skarma alikuwa Skarma.

Tulifika saa kumi na dakika arobaini. Nilipanda ngazi za mawe hadi kwenye chumba cha Jamyang, nyuma ya nyumba ya watawa, ubavuni mwa mwamba. Ukuta ulikuwa umefika mabegani. Mtawa mzee alipanga mawe, mwingine alikanda udongo. Kaka yangu alisimama ndani, kichwa kimenyolewa upya.

"Dada, umenenepa kifua."

"Ni kikombe." Nilikitoa. "Mama amekutumia."

"Hapana. Mwambie akae nacho."

"Amesema uchukue."

"Mimi ninacho changu."

"Chukua."

"Hapana, dada."

Kila alipokataa, ningeweza kukirudisha kifuani. Nilimnyooshea mara ya nne. Alikipokea, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye ile fedha.

"Yeye ananywea nini?"

"Ana kingine. Kizuri zaidi."

Sentensi ilitoka sawasawa. Mzee aliweka jiwe, kisha jingine. Uwazi uliobaki ungepitisha mkono tu. Jamyang aliingiza mkono ndani ya joho lake, akatoa kikombe chake, cha mbao tupu, akakipitisha.

"Basi mpelekee hiki."

Nilipaswa kusema hapana mara tatu. Nilipotazama, kilikuwa tayari mikononi mwangu.

Jamyang aliitazama mikono ile, kisha akanitazama mimi. Mzee alikuwa amelibeba jiwe la mwisho.

"Jamyang, niweke?"

Udongo ulidondoka kutoka kwenye jiwe, tone moja, halafu la pili.

"Chai yake iwe moto," aliniambia. Kisha akamwambia mzee, "Weka."

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika kumi na mbili.

Nilimfikishia mama kikombe kesho yake adhuhuri. Alikipokea mara ya kwanza. Alikinywea siku kumi na tisa.