Trela Lililoacha Kutikisika

Cheche hakupewa jina hilo kwa sababu ya kazi yake tu. Ni kweli alikuwa mchomeleaji, na mashine yake ilimwaga cheche kutwa nzima, lakini wenzake wa karakana walianza kumwita hivyo siku alipomtandika makofi dereva wa buldoza kwa kosa la kukalia kofia yake ya kuchomelea. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Mwenyewe alilijua hilo na wala halikumkosesha usingizi. Alikuwa nao kama alivyokuwa na ndevu.

Mtu wa namna hiyo hupenda kuheshimiwa, na shemeji yake alimsoma vizuri. Shemeji huyu, mume wa mdogo wake wa pekee, alikuwa msimamizi katika kambi ya wajenzi wa barabara, upande wa pili wa mji. Siku aliyokuja karakana alivua kofia kabisa, akaongea kwa sauti ya chini.

“Shemeji, mdogo wako hana raha. Lile trela tunaloishi linayumba. Mtu akijigeuza kitandani, vikombe vinacheza kabatini. Kila siku kizunguzungu.”

“Na mmekaa kimya muda wote huo? Kwangu hiyo si kazi, ni mchezo!”

“Ndiyo nimekuja. Ningemwendea nani mwingine, na fundi nimeoa kwao?”

Mpe fundi maneno kama hayo, atakujengea hata ngazi ya kwendea mawinguni. Cheche alivimba kichwa. Akapakia jeki zake, vyuma na mashine, akaenda.

Kambi ilikuwa ni matrela tu, yamepangwa mistari miwili kwenye uwanja wa kokoto, na katikati banda la jikoni. Kila trela lilikuwa nyumba ya mtu: dirisha moja lenye pazia, mlango mmoja, ngazi ya vidato viwili, kamba ya nguo. Yote yalisimama juu ya magurudumu yao, kwa kuwa barabara ikisonga mbele kambi nayo inahama. Mtu akitembea ndani, springi zinabonyea na nyumba nzima inanesanesa. Waliokaa humo walishazoea.

Mdogo wake alitokea mlangoni, akashika kizingiti. Jua lilikuwa kali, lakini alivaa mikono mirefu, na mtandio ameuvuta mpaka kwenye taya.

“Shikamoo kaka.”

“Marahaba, mdogo wangu. Hicho kizunguzungu kinakusumbua sana?”

“Usiseme, shemeji,” mume akadakia, kikombe cha chai mkononi. “Jana kidogo aanguke hapo hapo unapomwona.”

Mwanamke alimtazama kaka yake, akafungua kinywa, akakifunga, akarudi ndani. Cheche alikuwa ameshalala chali kwenye kokoto anakagua ekseli. Chuma kilimvutia kuliko uso wa mtu, na huo ulikuwa ugonjwa wake tangu utotoni.

Kazi aliifanya kwa mapenzi. Alikaza kabari mbele na nyuma ya kila gurudumu ili trela lisisogee hata unyayo. Akaweka jeki kwenye pembe zote, chini yake vipande vya mbao nene zisizame ardhini, akazipandisha mpaka zikabeba uzito badala ya springi. Mafundi wengi huishia hapo. Yeye alijua kwamba miguu iliyosimama wima bado huyumba kwenda upande, kwa hiyo alikata vyuma, akavipitisha kwa mshazari kutoka mguu wa kila jeki hadi kwenye fremu, akavibana kwa bolti.

Alipokuwa chini huko, sakafu iligongwa juu ya uso wake. Ko, ko, ko. Cheche akacheka. Utotoni alikuwa akijificha chini ya kitanda, na mdogo wake anagonga ubao kumwambia kwamba ameonekana. Akajibu kwa spana: ko, ko, ko. Sakafu ikagongwa tena, kwa nguvu zaidi na kwa haraka.

“Acha utoto wewe, nafanya kazi!” alipaza sauti, akiwa bado anacheka.

Haikugongwa tena. Alipomaliza, yeye na shemeji yake waliingia ndani wakarukaruka katikati ya chumba, watu wazima wawili, na maji yaliyokuwa kwenye bilauri mezani hayakutikisika. Shemeji alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akamkumbatia Cheche kwa nguvu.

“Umenitoa mashakani, shemeji. Wallahi umenitoa mashakani.”

Jeki mpya hudidimia kidogo baada ya siku chache, na fundi anayejiheshimu hurudi kuzikaza. Jumapili iliyofuata, saa za mchana, Cheche alirudi na spana yake kubwa, anapiga mluzi. Hakufika. Mpishi wa kambi, mwanamke wa makamo aliyeitwa Mama Mwiko kwa sababu mwiko ulikuwa hautoki mkononi mwake, alimsimamisha njiani.

“Wewe ndiye uliyelifunga vyuma lile trela la msimamizi?”

“Ndiye mimi, mama. Shikamoo.”

“Sitaki shikamoo yako. Nani alikutuma?”

“Mwenye nyumba, nani tena? Mama, yule ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nimemtengenezea.”

Mama Mwiko alimtazama tangu kichwani mpaka kwenye buti.

“Tumbo moja,” alisema. “Sikiliza basi, mtu wa tumbo moja. Yule bwana anampiga mdogo wako. Akitaka kumpiga anafungua redio mpaka mwisho, sisi huku nje hatusikii kitu. Redio anafungua hata siku za amani, kwa hiyo kilichokuwa kinatuambia ni trela lenyewe. Likitikisika kupita mtu anayetembea, na upepo hakuna, mimi napiga sufuria, na kambi nzima inakwenda kubisha. Huyu anaomba chumvi, yule kiberiti, mwingine anaulizia zamu ya kesho. Anaona haya, anamwachia. Ndivyo tulivyomweka hai tangu waje hapa. Umekuja wewe na majeki yako, nyumba imetulia tuli! Juzi nimemwona anakwenda chooni anajikokota, mkono mmoja umening’inia. Lini alipigwa? Sijui. Nilikuwa hapa hapa nachambua mchele, nalitazama hilo trela, halikusogea hata kidogo.”

Cheche aliikumbuka ile sakafu. Ko, ko, ko. Alikuwa akimwita. Alikuwa akimwita kaka yake, na kaka yake alijibu kwa mzaha, kisha akamkemea. Aibu ilimwingia.

“Na hiyo redio,” aliuliza, “imefunguliwa tangu saa ngapi?”

Mama Mwiko akageuka. Alikuwa amezoea kutumia macho, masikio aliyapumzisha. Kutoka kwenye trela la msimamizi redio ilikuwa inapayuka, na trela limesimama imara kwenye jua, zuri, halina wasiwasi.

Cheche alikimbia. Alipofika aliweka kiganja kwenye chuma cha mshazari alichokibana kwa mkono wake mwenyewe. Macho hayakuona kitu, lakini kiganja cha mchomeleaji kinajua chuma. Du. Kimya. Du, du. Kila pigo la ndani lilipita kwenye sakafu, likaingia kwenye fremu, likashuka kwenye chuma na kuzikwa ardhini, vile vile alivyokusudia.

Akaupiga mlango mateke.

“Nani?”

“Fungua!”

“Ah, shemeji. Rudi baadaye. Mdogo wako amelala.”

“Na redio yote hiyo?”

“Nimesema amelala! Unataka nini kwenye nyumba ya mtu?”

Mlango ulikuwa wa chuma na komeo lake lilikuwa la ndani. Vibarua walianza kutoka kwenye matrela yao, wengine na taulo mabegani, lakini walisimama mbali. Aliyekuwa ndani ndiye aliyewapa kazi na kuwanyima, na hakuna alichoona mtu. Ungewaambia nini? Kwamba mtu anasikiliza redio kwake?

Cheche akajitupa chini ya trela. Alifungua bolti za nyuma kwa spana, ngozi ya vidole inachunika, akapiga teke vile vyuma vikaanguka. Akashusha jeki za nyuma mpaka zikaachana na fremu. Kabari hakuzigusa, hasira zake zote hazikumsahaulisha kwamba mdogo wake yumo ndani. Trela likaanza kunesa. Wote waliokuwa uwanjani wakaliona: likibonyea upande wa kitanda, likirudi, likibonyea tena. Mama Mwiko hakungoja. Sufuria ililia kutoka jikoni na vibarua wakaanza kusogea, kwanza mmoja, kisha wote.

Lakini redio haikuzimwa na mapigo hayakukoma. Safari hii aibu ilikuwa imemwisha yule bwana. Cheche akatambaa hadi mbele, kwenye shingo ya trela, pale linapofungwa kwenye gari, akafyatua jeki za pembe za mbele, kisha akaikamata jeki kubwa ya trela lenyewe, ile ya kuinulia pua, na kuizungusha kwa nguvu zote alizopewa na mama yake. Pua ikapanda. Nyuma hapakuwa na kitu cha kuishikilia. Trela likaegemea ekseli yake, likainama kwa nyuma, likakita matako kwenye kokoto kwa kishindo. Ndani, vyombo vyote vya kabatini vikamwagika, na redio ikakata.

Ndipo wote waliposikia sauti ya yule mwanamke. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anasema, “Basi, basi, basi,” kwa sauti ya mtu ambaye ameshasema hivyo sana.

Komeo likafunguliwa. Shemeji aliruka nje, mkanda umezungushwa kwenye ngumi, bizimu imeachwa ining’inie. Hakumtazama mtu. Alimwona Cheche bado amepiga magoti kwenye jeki, akamtia teke la mbavu lililomlaza ubavu, na kabla hajavuta pumzi bizimu ikampasua juu ya jicho.

“Unanibomolea nyumba! Mbele ya watu wangu! Mimi!”

Teke la pili Cheche alilipokea kwa spana. Aliizungusha akiwa amelala, ikakutana na goti, na goti likatoa mlio uliowafanya vibarua wengine wageuze nyuso. Msimamizi akaenda chini. Kazi ilikuwa imekwisha hapo. Mtu hawezi kupiga wala kukimbia, watu wameshamzunguka, mlango uko wazi.

Cheche hakuona kwamba imekwisha. Alimkalia kifuani. Spana ikashuka begani, ikashuka kwenye mkono ule wenye mkanda, vidole vikavunjika kimoja baada ya kingine, na yeye anahesabu kwa meno yaliyoumana: hili la jana, hili la juzi, hili la siku nilipokuwa chini ya sakafu yako. Damu ya kwenye jicho lake ilimchuruzikia mdomoni, akaimeza. Niseme ukweli: aliona utamu. Aibu ile kila pigo liliipunguza, kwa hiyo aliendelea. Yule bwana sasa alikuwa ndiye anayesema basi. Alikuwa anasema, “Basi, shemeji, basi,” na Cheche akampiga kwenye mdomo uliosema.

“Utaua!” Mama Mwiko alipiga yowe. “Mtoeni! Hamuoni ataua?”

Ilibidi vibarua wanne wamng’oe. Walimburuta mpaka kwenye kamba ya nguo, na hapo akasimama anahema, spana bado mkononi, nywele zimemsimama, shati limekuwa jekundu kwa damu yake na ya mwenzake. Akajisikia mtu mzuri. Akajisikia amelipa.

Mdogo wake alikuwa ametoka. Alikaa kwenye kizingiti cha trela lililoinama, miguu haifiki kwenye ngazi, mkono wa kushoto ameukumbatia kifuani. Mtandio ulikuwa umeanguka. Jicho moja lilifumba kabisa na mdomo ulikuwa umepasuka, na hakuna aliyejua amekaa hapo tangu lini na ameona kiasi gani. Vibarua walimwachia Cheche njia. Akaenda kwake kwa hatua kubwa, machozi yanamtoka waziwazi, hakujali nani anamwona.

“Mdogo wangu,” alisema. “Nisamehe. Nisamehe, sikusikia. Twende nyumbani kwangu. Hutapigwa tena, mimi nipo.”

Akainua mkono amshike bega. Ni ule wenye spana; alikuwa ameisahau.

Mwanamke akajikunja. Alifanya haraka sana, bila kufikiri: kichwa kikaingia katikati ya magoti, mkono mzima ukapanda kukifunika kisogo, mgongo ukajitoa upokee. Alikaa hivyo, anangoja.

“Ni mimi,” Cheche alisema. “Kaka yako. Niangalie, ni mimi.”

“Najua,” alijibu kutoka ndani ya magoti yake, na mkono hakuushusha.

Spana ikaanguka kwenye kokoto. Cheche alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, viganja vimefunguka, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake. Mama Mwiko akapita mbele yake bila kumtazama, akapiga magoti pale chini ya mlango, akasubiri. Alisubiri sana. Mwisho yule mwanamke aliinua uso, akaona ni nani, akajiachia taratibu mpaka kwenye mikono ya mpishi, na wawili hao wakaondoka kuelekea jikoni.