Anayengoja Daraja la Waihuka

Siku daraja la Waihuka lilipoondoka, Ngawai alikuwa jikoni akimenya viazi vya kupika na mifupa ya nguruwe. Mvua ya kimbunga ilikuwa imenyesha tangu jana yake, na ngurumo ya mto ilishazoeleka masikioni kama redio ya jirani. Kisha ikaja sauti nyingine, ya mbao kugongana, nyingi kwa pamoja. Ilitoka juu mlimani, ambako kampuni ya mbao ilikuwa imekata misonobari na kuacha masalia ya magogo yamelala korongoni. Ngawai alitoka na kisu mkononi. Magogo yalikuwa yamejaa mto mzima, ukingo hadi ukingo, hata maji yenyewe hayaonekani. Yalilisukuma daraja taratibu, kama mtu anayesogeza kabati, na daraja likaenda nayo.

Mumewe, Tiopira, alikuwa katikati ya daraja. Alikuwa dereva wa basi la shule. Siku hiyo alishawafikisha watoto wote makwao, wa ng'ambo zote mbili, akaliacha basi ng'ambo, mbele ya duka la Chand, kwa sababu hakuliamini daraja. Akaamua kuvuka kwa miguu, mfuko wa chakula cha mchana kwapani, aje ale akiwa nyumbani.

Ngawai alirudi ndani akazima jiko.

Hawakumpata. Magogo yalishuka mpaka baharini, yakarudishwa na mawimbi, yakalala ufukweni mlima mzima, na hakuna mashine iliyoletwa kuyagusa. Ukoo ulikaa matanga siku tatu kwenye marae, jumba lao la mikutano lililo juu kilimani. Mahali pa jeneza waliweka picha yake na koti lake la kazi. Walilia, wakaimba, wakaliambia koti mabaya na mazuri yake yote, wakala, wakaenda makwao.

Wiki iliyofuata, jua lilipokuwa linazama, Tiopira alitokea ng'ambo. Alisimama kwenye kipande cha daraja kilichobaki upande ule, mfuko wake kwapani, nguo zikichuruzika maji.

"Daraja bado?" aliuliza.

"Bado," alisema Ngawai, ambaye alikuwa amekuja kuanua nguo.

"Haya."

Akaketi. Walizungumza kwa kupaza sauti juu ya maji mpaka mwanga ulipokwisha, naye akaisha nao. Kesho yake alikuja tena, na keshokutwa. Ngawai alimwuliza mbona asizunguke kwa njia ya msituni, ambayo sasa ndiyo iliyokuwa njia pekee ya watu wa upande wao.

"Siwezi. Nilikuwa naenda nyumbani kwa hapa. Hata kugeuka nyuma siwezi."

Bonde zima lilimzoea. Jirani yao Heremaia, mjane mzee mwenye mbwa watatu, alikuwa akipita kila jioni kumtania. "Wee Tiopira! Mtu mwenye bidii angeshaota mapezi!"

"Na wewe ungekuwa na bidii ungeshaoga!"

Siku moja Ngawai alioka mkate wa chachu ya viazi, ule anaoupenda Tiopira, akauweka kwenye mfuko wa plastiki, akamrushia. Enzi za usichana wake alikuwa mrushaji wa timu ya besiboli ya bonde, na mkono haukuwa umesahau. Tiopira aliudaka vizuri. Papo hapo mkate ukawa uji ndani ya mfuko uliofungwa, na maji yakaanza kutoka kwenye pembe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: chochote alichoshika kililowa.

Tiopira alisogeza mfuko puani. "Harufu ni ileile," alisema.

Majira ya kuchipua ukafika uchaguzi wa madiwani. Karatasi za kura zililetwa na gari la posta, bahasha moja ya Ngawai na moja ya Tiopira, maana mtu asiyepatikana haondolewi upesi kwenye daftari la wapiga kura. Ngawai alizipandisha juu ya friji. Kila nyumba ya bonde huweka karatasi za kura juu ya friji, na nyumba nyingi huzikuta hapohapo uchaguzi ukishapita, chini ya ndizi.

Wagombea walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Penrose, diwani wa miaka mingi, mtu mcheshi aliyekuwa akipeleka pai za nyama kwenye kila mechi ya raga. Miaka miwili kabla ya kimbunga alikuja kwenye marae, na watu wa bonde wakasimama mmoja baada ya mwingine kumweleza habari ya masalia ya korongoni, kwamba siku moja mvua itayashusha. Tiopira naye alisimama. Penrose alisema tutaliangalia, akala sahani mbili za kome, akasifu, akaondoka. Sasa alikuwa anaahidi daraja jipya, palepale lilipokuwa la zamani.

Wa pili alikuwa Ripeka, mwalimu, binti wa kaka yake Ngawai. Alikuja Jumapili, akakaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua koti.

"Shangazi, nisikudanganye. Halmashauri haiwezi kufanya yote kwa pamoja. Mimi nikiingia, kwanza ni magogo. Ya korongoni kabla hayajamwua mtu mwingine, halafu ya ufukweni. Daraja litangoja, tena sana."

"Nimesikia hotuba yako kwenye redio."

"Kwenye redio sikusema yote. Ya ufukweni yakiondolewa..."

"Mtampata mjomba wako."

"Tutampata. Tutamzika."

"Na akizikwa hatakuja tena pale mtoni. Najua, mtoto. Kunywa chai."

Ripeka alikunywa chai. Aliangalia kiti cha Tiopira, na gunia lililokuwa limetandikwa chini yake, lakini hakuliuliza. Ngawai alikuwa amelitandika siku ile aliposikia ahadi ya Penrose. Alishalipigia hesabu jambo lote: atavuka, atatundika koti nyuma ya mlango, maji yatachuruzika sakafuni, yeye atayapangusa. Wapo wanawake wanaopangusa matope ya waume zao maisha yao yote. Yeye angepangusa maji.

Penrose alikuja siku chache baadaye, kwa njia ya msituni, na buti mpya. Ilikuwa jioni, kwa hiyo alimkuta Ngawai mtoni. Akapunga mkono kuelekea ng'ambo.

"Habari za jioni, Tiopira!"

"Nzuri, diwani. Yale magogo ya korongoni mmeyatoa?"

"Tunaliangalia hilo."

"Na daraja?"

"Ah, hilo ndilo la kwanza kabisa! Mwakani, baridi ikianza, utavuka hapa na viatu vikavu."

"Vikavu," alisema Tiopira, akaangalia viatu vyake.

Penrose alicheka kwa upole, kisha akamgeukia Ngawai na kushusha sauti. "Karatasi yake ya kura ilifika?"

"Ilifika. Iko juu ya friji."

"Vizuri. Tusimwache nje, mama. Kila kura ina thamani." Alimpa vipeperushi viwili, kimoja cha kila mtu, akapunga tena, akaenda.

Tiopira alingoja mpaka gari liliposikika mbali. "Na Ripeka anasema nini?"

"Maneno ya siku zote ya uchaguzi," alisema Ngawai.

Walikuwa wameoana muda mrefu, na uongo wa Ngawai Tiopira aliweza kuusikia hata ng'ambo ya mto.

Siku ya mwisho ya kura ilikuwa Jumamosi, saa sita mchana. Gari la posta lilitarajiwa Ijumaa, na bonde zima lilikuwa linalingoja hilo, kwa kawaida yao ya kungoja. Alhamisi mvua ikanyesha. Ijumaa asubuhi korongo likatema magogo mengine, yakalala juu ya njia ya msituni, na nguzo ya simu ikaanguka. Posta haikuja. Hakuna aliyekuwa chini ya magogo safari hii, kwa sababu shule ilikuwa imefungwa kwa mvua.

Mchana Heremaia alipita nyumba hadi nyumba na mfuko wa mkate, akichukua bahasha juu ya mafriji. Alifika kwa Ngawai jioni, amelowa, mbwa nyuma.

"Nimekusanya za bonde zima. Yako?"

"Sijajaza."

"Jamani, Ngawai! Wiki tatu?"

"Wewe umejaza lini?"

"Leo asubuhi. Lakini mimi nilikuwa na sababu, kalamu ilipotea."

"Na utazipitisha wapi?"

Heremaia alielekeza kidevu mtoni. Upande wa pili, Chand wa dukani huja kila asubuhi kuangalia kina cha maji, na sanduku la kura liko dukani kwake. Lakini mto ulikuwa umepanuka, na pa kutupia palikuwa mahali pamoja tu, kile kipande cha daraja. Kilikuwa chembamba na chenye utelezi, na Chand mwenyewe hajawahi kudaka kitu maishani mwake. Mfuko ukiangukia pale bila mtu wa kuudaka, ungerudi majini.

"Kila anachoshika kinalowa," alisema Ngawai.

"Nimezifunga ndani ya mifuko mitatu."

"Kila anachoshika, Heremaia."

"Una njia nyingine?"

Hakuwa nayo. Alichukua bahasha yake na kalamu, wakaenda.

Tiopira alikuwa ameshafika. Heremaia alimweleza shughuli yenyewe kwa kupiga kelele, naye akaitikia kwa kichwa. Ngawai aliiweka karatasi juu ya mgongo wa Heremaia aliyeinama, akashika kalamu, akabaki hivyo.

"Unangoja nini?" aliuliza Tiopira.

"Ripeka anataka kuondoa magogo. Ya korongoni, na ya ufukweni pia."

Tiopira alifikiri. "Aa. Basi nitapatikana."

"Ndiyo."

"Niko chini kabisa, upande wa kaskazini. Mwambie wasianzie juu, watachelewa bure."

"Nitamwambia."

"Na Penrose?"

"Penrose anakujengea daraja. Uje nyumbani."

"Umeshatandika gunia chini ya kiti?"

"Nimetandika."

"Nilijua tu." Alitabasamu, maji yakimtoka kwenye mikono ya koti. Kisha akauliza, "Basi langu anaendesha nani siku hizi?"

"Mtoto wa Chand."

"Watoto wa upande wetu anawachukulia wapi?"

Ngawai aliangalia kalamu. "Njia ya msituni."

"Chini ya korongo."

"Ndiyo. Chini ya korongo."

"Mpe Ripeka," alisema Tiopira, kwa sauti aliyokuwa akiitumia kumkumbusha afunge kuku.

Ngawai aliweka alama ya vema kwenye jina la Ripeka. Aliikoleza, akairudia.

"Taratibu, mama," alisema Heremaia. "Huu ni mgongo, si meza."

"Na ile yangu?" aliuliza Tiopira.

"Kuijaza yako ni kosa. Nitafungwa."

"Basi iache juu ya friji."

Ngawai aliifunga bahasha, akaitia pamoja na nyingine, akaifunga tena ile mifuko mitatu mmoja ndani ya mwingine na kutia jiwe dogo la uzito. Alirudi nyuma hatua kadhaa, akazungusha mkono, akarusha. Mfuko ulipita juu ya maji ya kahawia na kuingia mikononi mwa Tiopira, naye akaukumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga.

"Nimeushika!"

Baada ya muda mfupi maji yakaanza kutoka kwenye pembe ya mfuko. Wote watatu waliyaona. Heremaia alivua kofia, akaivaa tena. Walikaa hivyo mpaka giza lilipoingia.

Jumamosi asubuhi Chand aliukuta mfuko umeegemezwa vizuri kwenye chuma cha daraja. Aliutia sandukuni kabla ya saa sita, kama ilivyotakiwa. Mjini maofisa walizifungua bahasha, wakakuta zimejaa maji ya mto, na mchanga, na sindano za misonobari. Wino wote ulikuwa umekwenda. Walizianika kwenye kamba ofisini kwa siku mbili, kwa kuwa walikuwa watu waangalifu, lakini wino haukurudi. Ikaamuliwa kwamba kura zilifika kwa wakati na kwamba hazikumchagua mtu. Penrose alishinda kwa tofauti ya kura chache kuliko zilizokuwa ndani ya mfuko. Aliwashukuru watu wa bonde kwa kujitokeza.

Ngawai alikwenda kumwambia Tiopira.

"Zililowa?" aliuliza.

"Zililowa."

"Samahani."

"Si wewe."

Aliporudi jikoni alianza kumenya viazi, na baada ya muda akagundua kwamba alikuwa anaimba. Aliacha. Alibaki amesimama na kisu mkononi, akisikiliza kama kuna mtu aliyemsikia.

Ripeka alirudi kufundisha. Baridi ilipoanza walikuja vijana wawili wenye darubini ya miguu mitatu, wakachomeka vigingi vya rangi ya waridi ukingoni, mahali daraja litakaposimama, na mto ulipojaa ukavichukua. Magogo ya ufukweni yako palepale, na ya korongoni yameongezeka. Kila jioni Ngawai huchukua kiti na kwenda kukaa upande wake wa mto, na Tiopira humwuliza kama daraja bado. Gunia bado liko chini ya kiti kile kingine, kavu. Siku ambazo mvua inanyesha milimani, watoto wa upande huu hawaendi shule.