Maoni ya Kikundi kwa Kiitaliano

Wallahi mpaka leo sijaelewa vizuri kilichotokea siku ile, na musinicheke.

Mimi ndiye perezida, yaani mwenyekiti, wa kikundi cha akina mama wanaokamua mawese hapa Rumonge. Tunakamua kwa mikono, mpaka mabega yanakataa. Sasa shirika moja la Italia likasema litatupatia mashine ya kukamulia, ila kwanza mjumbe wao, Madame Ornella, aje akae kwenye mkutano wetu, aone kama perezida anawauliza wenzake maoni. Akiridhika, mashine tunapata. Asiporidhika, basi.

Nikasema, kumbe kazi ndogo! Nikamkimbilia Akonkwa, Mkongo wa Uvira aliyesomea kwa mapadri wa Kiitaliano.

"Nifundishe namna Waitaliano wanavyouliza maoni, kwa adabu."

Akashangaa. "Dada Sumaya, si utawauliza wamama kwa Kiswahili?"

"Wewe nifundishe tu."

Wiki nzima nikawa natembea na maneno mdomoni. *Che cosa ne pensate?* Yaani, munaonaje? *Mi piacerebbe sentire il vostro parere.* Yaani, ningependa kusikia maoni yenu. Hilo la pili lilinitesa! Nasonga ugali nalisema, niko sokoni nalisema, mpaka mume wangu akauliza kama nimepandwa na mashetani.

Siku ikafika. Nimevaa kitenge kipya, Ornella amekaa mbele, Akonkwa kando yake ili amtafsirie. Nikawaeleza wamama kwamba mashine itafungwa kwangu, uani, na ufunguo nitashika mimi. Kisha nikasimama wima, nikayatoa yote mawili kwa Kiitaliano bila kukwama hata pahali.

Wamama wakaangaliana, halafu wakapiga makofi, kama kawaida yao nikimaliza kusema. Mimi nikafurahi. Ornella hakufurahi. Akamnong'oneza Akonkwa.

"Anasema Kiitaliano chako ni kizuri sana," Akonkwa akaniambia. "Lakini yeye si mwanachama. Waulize wao, kwa lugha yao."

Jamani! Nikafungua mdomo. Kiswahili hiki nimezaliwa nacho, nagombana nacho, nabembelezea watoto nacho, lakini siku ile maneno ya kuuliza hayakuja. Nikayatafuta, wapi! Jasho likanitoka. Mwishowe nikasema, "Haya, munasemaje?" na ikatoka kama nawagombeza.

Chausiku akanyoosha mkono. Huyu tangu tuanze kikundi sijamsikia akisema kitu zaidi ya ndiyo.

"Mama Perezida, unauliza kweli, ao iko mazoezi ya kuonyesha mugeni?"

Nikachanganyikiwa kabisa. Kweli? Mazoezi? Mimi mwenyewe sikujua. Ornella ananitazama, na mashine naiona inakwenda zake hivi hivi.

"Kweli," nikasema, sauti ndogo.

Chausiku akasimama. "Mashine tunaitaka sana. Ila isifungwe kwako. Tunakuogopa."

Hakusema kwa hasira. Akaketi, akatengeneza kitenge chake magotini. Wengine wote wakainamisha vichwa, na hakuna hata mmoja aliyempinga.

Nikamgeukia Akonkwa, nikangoja anitafsirie, kana kwamba Chausiku amesema Kiitaliano.